Mwindaji Anapowindwa: Niliyojifunza Katika Kuandika Hadithi za Porini

Uzito wote wa hadithi ya wawindaji wanaogeuka kuwa windo hukaa katika ukurasa mmoja, ule ambao mmoja wao anatambua kwamba kuna kinachomfuata. Nimeishi na hadithi za aina hii kwa muda mrefu, nikiziandika, nikizisoma na kuhariri miswada ya wenzangu, na nimeona kwamba waandishi wengi huujaza ukurasa huo kwa kishindo: mngurumo gizani, ukelele wa mwenzao wa nyuma, damu iliyotapakaa majanini. Mimi huupa kazi nyingine. Mwindaji ni mtu aliyefunzwa kusoma alama za ardhi, na kwa sababu hiyo ana jambo moja ambalo msafiri wa kawaida aliyepotea hana, yaani uwezo wa kujua kwamba anawindwa kabla hajaguswa. Elimu ile ile aliyoitumia kutafuta mawindo ndiyo inayomletea hofu, na hofu ya mtu anayejua ni nzito kuliko ya mtu aliyeshtukizwa. Basi ukurasa huo na uwe ukurasa wa kusoma. Shambulio litakuja kwa wakati wake.

Jambo hili sikulipata vitabuni. Nililipata kwa kutembea nyuma ya mzee mmoja mfuata nyayo, aliyekuwa akiniita mwanangu na aliyeyavumilia maswali yangu kwa subira kubwa. Alinifundisha kwanza kuhusu mwanga. Asubuhi na jioni, jua likiwa chini, kila unyayo hushika kivuli chake na kuonekana wazi hata kwenye udongo mgumu, lakini saa sita mchana kivuli hicho hutoweka na ardhi huwa kama haikukanyagwa na kiumbe. Ndiyo maana mfuata nyayo hujipanga ili unyayo uwe kati yake na jua. Alinifundisha pia kupima umri wa alama. Wadudu wadogo hutembea usiku na kuacha mistari myembamba mchangani. Ikiwa mistari hiyo imepita juu ya unyayo, basi mnyama alipita kabla wadudu hawajamaliza shughuli zao, na ikiwa unyayo umeikata mistari hiyo, basi mnyama amepita baadaye, pengine alfajiri hii hii. Majani yaliyolazwa husimama polepole. Umande uliofutwa haurudi mpaka usiku mwingine. Kingo za unyayo mpya huwa kali, kisha upepo huzilainisha.

Siku moja tulirudi kwa njia ile ile tuliyoijia. Mzee alisimama, akanyoosha fimbo yake kuelekea chini bila kusema neno. Juu ya alama ya kiatu changu, katikati kabisa ya soli, kulikuwa na unyayo wa mviringo usio na alama za kucha, kingo zake bado kali. Chui alikuwa amepita tulipopita, baada yetu, naye alikuwa akielekea tulikoelekea. Hakuna kilichotokea siku hiyo. Hatukumwona wala kumsikia, tuliendelea na safari yetu na tukafika salama, lakini kila hatua niliyopiga kuanzia pale niliipiga nikijua kwamba mgongo wangu ulikuwa umetazamwa kwa muda nisioujua. Tangu siku hiyo ninaamini kwamba mwandishi wa hadithi ya namna hii anaweza kumtia msomaji hofu kamili kwa unyayo mmoja uliowekwa mahali panapostahili, mradi awe amekwisha kumfundisha msomaji huyo, katika kurasa za mwanzo, namna ya kuusoma. Sura za mwanzo ambazo wawindaji bado ni mabwana wa pori, wanafuata nyayo na kukisia umri wake, ndizo zinazomwandaa msomaji. Akifundishwa vizuri hapo, ataiona hatari sawia na mhusika, na pengine kabla yake.

Historia inazo habari za kweli zinazothibitisha jinsi mwindaji anavyogeuka kuwa windo, na ile ninayoirejea mara kwa mara ni ya Tsavo. Mwaka 1898, wakati reli ikijengwa kutoka pwani kwenda bara, simba dume wawili wasio na manyoya ya shingoni walikuwa wakiwachukua wafanyakazi kutoka kambini karibu na mto Tsavo. Mhandisi John Henry Patterson, aliyekuwa akisimamia ujenzi wa daraja, aliwavizia kwa miezi mingi. Mwezi wa Desemba simba mmoja aliua punda na kumla kidogo tu, ndipo Patterson akajengewa dungu dhaifu la miti minne, kimo chake karibu mita nne, akapanda juu peke yake na kukaa gizani akimngoja simba aurudie mzoga. Simba alirudi, lakini hakwenda kwa punda. Aliliacha windo lililo tayari na kuanza kulizunguka dungu polepole, akikaribia kidogo kidogo, na kwa muda wa takribani saa mbili Patterson alikaa kimya kabisa akisikiliza mwendo wa mnyama asiyemwona. Katikati ya hali hiyo bundi aliruka na kumgonga kisogoni, naye nusura aanguke kwa hofu. Hatimaye simba alikaribia kiasi cha kuonekana kama doa jeusi vichakani, akapigwa risasi, akafa. Hiyo ilikuwa tarehe 9 Desemba 1898, na wa pili aliuawa tarehe 29 mwezi huo huo.

Ninaitazama habari hii kwa jicho la mwandishi, na ninaona kwamba hakuna kitu kipya kilichoingizwa ili kugeuza mambo. Giza alilichagua mwindaji mwenyewe. Ukimya alijiwekea mwenyewe. Kutosogea, kungoja, kukaa juu ya chambo, vyote ni vitendo vya kuwinda. Simba alipoamua kumpuuza punda, kila kimoja kati ya hivyo kilibadilika maana bila kubadilika umbo: giza likawa la simba, ukimya ukawa wa windo linalojificha, na mtu aliyekuwa juu ya chambo akawa chambo. Wahenga walisema mchimba kisima huingia mwenyewe, na sijaona mfano ulio wazi kuliko dungu lile. Waandishi wanaotafuta mageuzo ya hadithi kwa kuleta dhoruba, gari kuharibika au mtu wa ajabu kutoka msituni wanajipa kazi isiyohitajika. Zana za mwindaji zinatosha.

Niongeze hapo hapo kuhusu idadi, kwa kuwa ni jambo linalonigusa. Patterson alikuja kudai kwamba simba wale waliua watu 135. Watafiti waliochunguza kemikali katika mifupa na manyoya yao, ambayo yamehifadhiwa katika jumba la makumbusho la Field mjini Chicago, walikadiria mwaka 2009 kwamba watu walioliwa walikuwa karibu 35. Habari haikupungua kutisha kwa sababu ya hesabu hiyo. Watu 35 ni watu 35, kila mmoja na jina lake na waliomsubiri, na mwandishi anayeongeza maiti ili kuongeza hofu anaonyesha kwamba hajaamini hofu aliyo nayo mkononi.

Miaka miwili hivi baadaye, katika kituo cha Kima kwenye reli hiyo hiyo, ofisa wa polisi Charles Ryall alikaa zamu ndani ya behewa pamoja na wenzake wawili ili kumvizia simba aliyekuwa akiwasumbua watu wa kituo. Ilikuwa Juni 1900. Inaelekea usingizi ulimchukua. Simba aliingia kwa mlango wa kusukuma, na kwa kuwa behewa lilikuwa limeinama upande mmoja, mlango ukajifunga nyuma yake. Akatoka kwa dirisha akiwa na Ryall. Hapa windo halikuhitaji kuwa na akili ya pekee. Mwindaji alishindwa na jambo linalomshinda kila mwanadamu, na ninapohariri mswada wenye watu wanaokesha usiku tatu au nne mfululizo huku akili zao zikibaki safi, huuliza kwanza wamelala lini.

Baada ya nyayo na usingizi, upepo ndio uliobadilisha uandishi wangu zaidi. Jim Corbett, aliyewinda chui na tiger (chui-milia wa Asia) walao watu kaskazini mwa India katika nusu ya kwanza ya karne ya 20, alieleza jambo ambalo ningependa kila mwandishi wa taharuki ya porini alijue. Tiger hajui kwamba binadamu ana pua dhaifu. Akishaanza kula watu, huwawinda kama awindavyo wanyama wengine, yaani huwaendea huku upepo ukimpiga usoni ili harufu yake isimtangulie, au huwangojea mahali ambako upepo unavuma kutoka kwao kuja kwake. Kwa mtu anayelijua hilo, upepo huwa ramani ya hatari. Upepo ukimpiga usoni, hatari iko nyuma yake; ukimpiga mgongoni, iko mbele. Corbett alikuwa akitembea kwa kukata pembe, sasa upande huu, sasa upande ule, ili upepo uje kutoka ubavuni na hatari ibaki upande mmoja anaoweza kuutazama. Hebu fikiri kinachotokea kwa mwindaji wa hadithi yetu. Maisha yake yote ametembea upepo ukiwa usoni, kwa sababu hivyo ndivyo windo lisivyomnusa, na sasa mazoea hayo hayo yanamwacha mgongo wazi kwa yule anayemfuata. Amefunzwa kujilinda dhidi ya kukimbiwa. Hakufunzwa kujilinda dhidi ya kufuatwa.

Swali la kwa nini mnyama anamfuata binadamu nalo linahitaji jibu lenye uzito. Tiger jike wa Champawat, aliyehesabiwa kuwa aliua watu 436 huko Nepal na India kabla ya Corbett kumuua mwaka 1907, alikutwa na meno mawili ya upande wa kulia yaliyovunjika, moja nusu na jingine mpaka mfupani, na Corbett aliamini kwamba ilikuwa kazi ya risasi ya zamani. Mmoja wa simba wa Tsavo naye alikuwa na ugonjwa mbaya wa jino. Mwezi Desemba 1997, katika misitu ya mashariki ya mbali ya Urusi, tiger aliyejeruhiwa kwa risasi alikwenda kwenye kibanda cha mwindaji, akaharibu vitu vilivyokuwa na harufu ya mtu huyo, akamngojea nje ya mlango wake na kumuua aliporudi. Nyati aliyejeruhiwa anajulikana na kuogopwa na wawindaji wote wanaomfuata kwa sababu anaweza kurudi nyuma kwa kuzunguka, akajificha kando ya njia yake mwenyewe na kumngoja anayekuja juu ya damu yake. Katika vingi vya visa hivyo kuna mkono wa mtu mwanzoni, na ndiyo sababu ninasisitiza kwamba hadithi ianze na risasi iliyopigwa vibaya: risasi ya haraka, ya mbali mno, ya mtu aliyetaka kuonekana hodari mbele ya wenzake, kisha uamuzi wa kutolifuata windo lililojeruhiwa kwa kuwa jua linazama. Mwindaji mwenye adabu ya kazi hamwachi mnyama aliyejeruhiwa porini, na msomaji anayeijua adabu hiyo ataona uamuzi huo kama deni.

Lakini namwomba mwandishi asiingie kichwani mwa mnyama. Huwa ninasikitika ninapofika kwenye sura inayosimulia kisasi kwa maneno ya tiger mwenyewe, kwa sababu pale pale kitu kikubwa kinapotea. Yule wa Urusi alikuwa na njaa, maumivu, hasira, au vyote? Hatuwezi kujua, na mtu anayewindwa hawezi kujua pia. Anachokiona ni matendo tu. Kutojua huko ndiko kunakomfanya abuni sababu, na sababu anazozibuni humfunua yeye: mwenye hatia huona hukumu, mwenye kiburi huona shindano, na mchovu huona mnyama mwenye njaa tu.

Pori lenyewe pia huua, tena bila kuvizia. Joto la ndani la mwili likishuka chini ya nyuzi 35 za Selsiasi, mtu amekwisha kuingia katika hatari, lakini vidole hushindwa mapema zaidi, na kwa mwindaji vidole ndivyo bunduki. Mtu anayeshindwa kutia risasi mahali pake hana silaha hata akiwa na mkoba uliojaa. Baadaye maneno huanza kukokota na miguu kujikwaa, kutetemeka hukoma, na baadhi ya watu katika hatua ya mwisho huvua nguo zao wakihisi kwamba wanaungua. Mwenzao anayeikuta maiti yenye nguo zilizotupwa huku na huku ataamini kwamba kuna aliyezivua. Huo ni ukweli wa kitabibu unaotoa sura nzima ya hofu bila uongo wowote.

Vivyo hivyo kuhusu kuzunguka. Watu wamesema tangu zamani kwamba aliyepotea hutembea kwa duara, na mwaka 2009 watafiti wa taasisi ya Max Planck mjini Tübingen walilithibitisha kwa kuwafuatilia watu kwa vifaa vya setilaiti katika msitu wa Bienwald nchini Ujerumani na katika jangwa la Sahara. Jua lilipoonekana, watembeaji walikwenda karibu moja kwa moja. Lilipofunikwa na mawingu, waliotembea msituni walizunguka na kuzikata njia zao wenyewe bila kugundua. Wakifumbwa macho, baadhi yao walizunguka katika duara la kipenyo cha mita 20 tu. Mwindaji wetu, tofauti na wao, atagundua, kwa maana anasoma nyayo. Atakuta alama za viatu vyake mwenyewe zikienda mbele yake, na kwanza atadhani amempata mtu wa kumsaidia.

Kuhusu mwezi nitasema kwa ufupi. Karibu kila mswada huleta mwezi mpevu usiku wa shambulio. Utafiti uliochapishwa mwaka 2011 kuhusu mashambulizi ya simba nchini Tanzania kati ya 1988 na 2009 ulionyesha kwamba hatari huwa kubwa zaidi katika siku zinazofuata mwezi mpevu, kwenye saa za mwanzo za usiku, wakati jua limezama na mwezi haujachomoza bado. Simba hupata shida kuwinda kwenye mbalamwezi, kwa hiyo giza linaporudi huwa na njaa. Usiku wa mwezi mpevu wahusika na wapumue. Wa kesho yake na keshokutwa ndio wa kuogopwa.

Pale ambapo anayewinda ni binadamu mwenzao, sikio huchukua nafasi ya jicho. Risasi ya bunduki kubwa huenda kwa kasi kuliko sauti, ambayo husafiri karibu mita 340 kwa sekunde, kwa hiyo aliyelengwa husikia kwanza mlio mkali wa kupasuka hewani, unaotokana na risasi yenyewe kupita, na baadaye mshindo wa bunduki. Mlio wa kwanza hudanganya kuhusu upande ilikotoka. Wa pili ndio usemao ukweli. Mpigaji akiwa mita 340 mbali na risasi ikienda kwa wastani wa mita 700 kwa sekunde, kati ya milio hiyo miwili kuna karibu nusu sekunde, na mwindaji aliyezoea kusikiliza anaweza kukisia umbali kutoka hapo. Asiyejua atakimbia kwa kuufuata uongo wa mlio wa kwanza, pengine kuelekea kwenye bunduki. Mhusika anayelala kifudifudi na kuhesabu badala ya kukimbia amenieleza yeye ni nani bila mwandishi kuongeza sifa hata moja.

Ninaishia na mpangilio wa watu, kwa sababu ndipo ninapotumia muda mwingi siku hizi. Kundi la wawindaji hutembea kwa mstari, na desturi humweka mbele yule aliye hodari, maana zamani hatari na heshima vyote vilikuwa mbele. Wakishaanza kufuatwa, nafasi ya hatari huhamia nyuma, na mtu wa mwisho hana anayemwona akitoweka. Nani anakwenda nyuma sasa? Kiongozi akirudi mkiani kwa hiari, amebadilisha maana ya uongozi bila hotuba. Akimweka mbeba mizigo, au kijana, au yule aliyejeruhiwa kwa kisingizio kwamba anawachelewesha, kundi limekwisha kuvunjika hata kama bado wanatembea pamoja. Wapo watakaopendekeza zamu, na hapo ndipo hesabu za zamu huanza kupindishwa, mmoja akiinama kufunga kamba ya kiatu kwa muda mrefu kidogo, mwingine akiharakisha hatua kumpita aliye mbele yake. Katika mswada ninaouandika sasa nimechora mstari huo kwa kila sura, nani yuko wapi, amebeba nini na amebakiwa na risasi ngapi, na mstari hubadilika kila wanaposimama kupumzika. Sijamwambia msomaji aufuatilie. Atakayeufuatilia ataona kwamba mtu mmoja hajawahi kuwa wa mwisho tangu sura ya tatu, na atajiuliza kwa nini wenzake hawajaliona.